Mjamzito hadeki: barua ya wazi kwa wakulima wa tumbaku wa Tabora

Mwangaluka, vijana wangu wa Urambo, Kaliua, Sikonge na Uyui. Nawaandikia ninyi mlio na wake wajawazito msimu huu wa masoko. Wasomeeni na mama zenu, maana nao wamo.

Neno lililonifanya nishike kalamu ni moja: "anadeka." Mwanamke mwenye mimba ya miezi saba ameketi barazani kwa chama cha msingi cha wakulima tangu asubuhi mpaka jua linazama, anauliza kama malipo ya mumewe yametoka. Yametoka siku tisa zilizopita. Mume kazima simu, yuko mjini. Mwanamke analia, mikono inamtetemeka, na watu wazima wenye mvi zao wanatafuna karanga wakisema mimba hizo, anadeka tu, akijifungua yataisha.

Hayaishi akijifungua, maana yanamgusa na mtoto aliye tumboni, na nitawaeleza kwa nini.

Mtu akishtuka au akiishi na wasiwasi, tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo humwaga homoni mbili kwenye damu, adrenalini na kotisoli. Adrenalini hubana mishipa ya damu na kuharakisha moyo. Kotisoli ndiyo nataka muielewe vizuri, kwa sababu si sumu. Mwili wa mjamzito huiongeza wenyewe, na mimba ikikaribia kutimia hufika mara mbili hata tatu ya kawaida, kwani ndiyo inayokomaza mapafu ya mtoto. Mama anayeelekea kujifungua kabla ya wakati hudungwa sindano za deksamethasoni, dawa ya ukoo mmoja na kotisoli, kwa kazi hiyohiyo. Shida iko kwenye kiasi na wakati. Kondo la nyuma lina mlinzi wake, kimeng'enya ambacho huizima sehemu kubwa ya kotisoli ya mama kabla haijamfikia mtoto. Msongo ukikaa wiki baada ya wiki, mlinzi huyo huweza kulegea, na kinachovuka kikaongezeka. Ubongo wa mtoto, ambao bado unajengwa, unapokea habari kwamba huko nje kuna hatari, basi uwe macho muda wote.

Ninyi mnaujua moto wa bani, ile nyumba ya kukaushia tumbaku. Ukiupandisha kabla jani halijageuka njano, jani hukauka likiwa bado kijani, daraja linashuka, na hakuna maji yatakayolirudisha. Moto ni uleule ambao siku mbili baadaye ungelifaa. Usiku mnaamka kuangalia kipimajoto cha bani. Nani kati yenu anaamka kuangalia kama mkewe amelala?

Wanaosema haya ni maneno ya kizungu wasikie. Huko Bristol, Uingereza, walifuatiliwa wajawazito zaidi ya 14,000 waliotarajia kujifungua kati ya Aprili 1991 na Desemba 1992, na watoto wao wakaendelea kuangaliwa mpaka ukubwani. Akina mama waliokuwa na wasiwasi mkubwa kabisa katika wiki ya 32 ya mimba, watoto wao walipofika miaka 4 walikuwa na uwezekano wa takriban mara mbili wa kuwa na matatizo ya tabia na hisia: kutotulia, hofu, ugomvi. Watafiti waliondoa kwenye hesabu umaskini, sigara na huzuni ya mama baada ya uzazi, na tofauti ikabaki. Kule Quebec, Kanada, mvua ya barafu iliangusha nyaya za umeme Januari 1998, familia nyingine zikakaa gizani kwenye baridi kwa wiki kadhaa. Watoto waliokuwa tumboni wakati ule, ambao mama zao walipata tabu kubwa zaidi, walikuja kuwa nyuma kidogo katika lugha na vipimo vya akili kuliko wale ambao mama zao hawakutaabika sana.

Nimesema uwezekano. Hata Bristol, watoto wengi wa akina mama wenye wasiwasi walikua vizuri. Kwa hiyo nisisikie mtu anamwambia mkewe "umemharibu mtoto wangu kwa mawazo yako." Anayemwongezea mwanamke mzigo halafu akamlaumu kwa kuinama, huyo sina la kumwita hapa hadharani.

Sasa nirudi kwenye fedha, mnisamehe, hapo ndipo roho yangu inapouma. Msongo unaochosha zaidi ni ule usiojulikana mwisho wake. Radi hupiga ikapita. Lakini mwanamke ambaye tangu kitalu cha Septemba mpaka soko la Juni hajui deni la pembejeo ni kiasi gani, hajui marobota yamepewa daraja gani, hajui kilichoingia benki baada ya makato, huyo anaishi kwenye radi miezi tisa. Na pengine anajua jambo moja tu, kwamba mwaka jana mume wa jirani alipolipwa alirudi na mke wa pili. Halafu akiuliza, ananuniwa. Kununa kwenu mnakuona upole kwa sababu hamjampiga. Siku nne hamsemi neno, sahani inarudi jikoni nusu, na yeye anajigeuza kitandani mpaka jogoo la kwanza. Kipigo kinaacha alama na majirani wanaingilia. Kununa hakuna shahidi.

Fanyeni hivi. Karatasi ya makato ya chama ikitoka, mkae wawili mwisome mstari kwa mstari: mbolea, viuatilifu, kilichobaki. Kabla fedha haijagusa kitu kingine, tengeni ya uzazi mkononi mwake: nauli ya usiku pamoja na namba ya simu ya mwenye gari aliyekubali kuja saa yoyote, vitenge vinne, mpira wa kulalia, glavu, wembe mpya, akiba ya chakula cha wiki mbili. Mkitofautiana, semeni tutaendelea kesho jioni, na kesho jioni ifike kweli. Na kila siku dakika 20, simu pembeni, muulize amelalaje na amekula nini. Usimpe suluhisho. Sikiliza.

Mengine nayataja haraka. Asivune majani yenye umande wala mvua, nikotini huingia kupitia ngozi na kuvuka hadi kwa mtoto. Asilinde moto wa bani usiku, karibu wiki nzima ya moshi na kukesha. Asibebe ndoo ya lita 20. Apumzike saa moja au mbili mchana. Pombe aache kabisa. Kliniki ya kwanza kabla ya wiki ya 12, na mahudhurio 8 mpaka wiki ya 40, nawe uende, si kumtuma dereva wa bodaboda akajifanye mume. Akipigwa, Dawati la Jinsia na Watoto liko polisi, na mimi ni mmoja wa watakaomsindikiza.

Enyi akina mama wakwe, najua. Ninyi mlizaa wanane na mlilima mpaka siku ya uchungu, hakuna aliyewauliza mmelalaje. Pengine baadhi yenu mngali mnayabeba ya wakati ule. Basi msimlipishe huyu.

Wahudumu wa zahanati nao niwaseme. Mnapima uzito, presha, damu na mkojo, vizuri sana, na mama anatoka bila kuulizwa kama anapata usingizi. Maswali ni machache: wiki mbili hizi umekuwa mnyonge karibu kila siku? Mambo uliyoyapenda bado yanakufurahisha? Umewahi kuona heri ufe? La mwisho likijibiwa ndiyo, haachwi peke yake hata kwenda chooni, na anapelekwa siku hiyohiyo kituo cha afya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete. Kama alikuwa anatumia dawa za huzuni au kifafa, asiziache kwa ushauri wa jirani. Daktari ndiye wa kubadilisha.

Msiniambie hatuna wataalamu. Vijijini Pakistani walifunzwa wahudumu wa afya wa kawaida, wanawake wa hapohapo kijijini. Walimtembelea mama mwenye sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoondoka, mara 16: kila wiki katika mwezi wa mwisho wa mimba, mara tatu mwezi wa kwanza baada ya kuzaa, kisha mara moja kwa mwezi kwa miezi tisa. Walikaa naye, wakamsaidia kuyapima upya mawazo yake, wakawaita mume na mama mkwe wasaidie. Mtoto alipofika miezi 6, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, na kule ambako mama alitembelewa tu bila mafunzo hayo, 53. Matokeo hayo yalichapishwa 2008. Sisi tuna wahudumu wa afya ngazi ya jamii kwenye vijiji vyetu, na tunawatuma kuhesabu vyandarua.

Na ambaye mkewe amekwisha kujifungua kwenye dhiki, asikate tamaa. Mtoto si jani la bani. Mwekeni kifuani ngozi kwa ngozi, anyonyeshwe bila haraka, ajibiwe anapolia, asemeshwe, aimbiwe, naye baba ambebe. Mtoto aliyeshikamana vizuri na mlezi wake, athari za msongo wa tumboni kwenye akili yake huonekana kupungua. Akichelewa kutamka maneno au hatulii kabisa kuliko wenzake, apelekwe mapema, asingoje darasa la kwanza apewe fimbo kwa ukorofi ambao hakuuchagua.

Nawe uliye mjini umezima simu, mkeo ameingia wiki ya 31. Basi la kurudi Kaliua linaondoka asubuhi. Iwashe hiyo simu usiku huu umwambie kiasi kilichobaki, hata kama ni kidogo.

Mzee wenu, Tabora