Sarafu za watoto zisitangazwe mstarini

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nalisoma miaka mingi na sijawahi kuwaandikia. Ila ile habari ya wiki jana, ya shule ya hapa Mtwara iliyochangisha sarafu kwa ajili ya watoto wagonjwa, nimeshindwa kuinyamazia. Mwandishi wenu kasifu ndoo zilivyojaa. Hakuuliza zilijazwaje.

Mjukuu wangu yuko darasa la tatu, shule nyingine, nao walichangishwa hivyo hivyo. Jumatatu alitoka nyumbani na hamsini mbili, zile zenye kifaru, nimemfungia kwenye kipande cha kanga. Nilizipata kwa mihogo ya kukaanga, siku ambayo sikuuza hata nusu ya beseni. Kumbe mstarini mwalimu anasoma majina na kiasi, kuanzia aliyeleta elfu tano kushuka chini. Wa mwisho akawa yeye: shilingi mia. Shule nzima ikacheka, na mwalimu hakuwanyamazisha. Mtoto alirudi kipande cha kanga kakikunja mkononi, kimelowa machozi, na kesho yake akasema tumbo linamuuma. Tumbo haliumi, Mhariri! Mtoto alitoa alichokuwa nacho, akaaibishwa kwa kutoa. Sisi chuoni, madrasa, tulifundishwa mkono wa kulia ukitoa, wa kushoto usijue. Hawa wanafundishwa nini? Na yule mgonjwa anayechangiwa, angefurahi kujua dawa yake imenunuliwa kwa machozi ya mwenzake?

Na hiyo hamsini yenyewe imekuwa kama si pesa. Sokoni wapo wanaonirudishia, kwenye bajaji ndiyo kabisa, wakati ni fedha halali na Benki Kuu ina tawi hapa hapa mjini. Nikidai chenji napewa pipi. Mimi ushuru wa meza silipi kwa pipi.

Walimu wakitaka kuchangisha, washone mfuko mmoja wa khaki wenye mdomo mpana, wautundike chini ya mwembe. Kila mtoto apite, atumbukize ngumi yake mpaka kwenye kifundo, hata asiye na kitu, kisha aitoe. Nani atajua? Ijumaa wazazi wawili wahesabu, ubaoni iandikwe jumla peke yake.

Wakifanya hivyo, mjukuu wangu nitamfungia tena hamsini zake mbili.

Bibi wa mwanafunzi,
Mikindani, Mtwara