Jaribuni uzi kabla ya Jumamosi

Hamjambo kina mama na ndugu wa Kisumu. Kabla ya kuunganisha vipande vya kwilti (blanketi la vipande vya vitambaa) Jumamosi, jaribuni cherehani kwenye masalio ya kitambaa kilekile. Juu uzi mwekundu, chini mweupe. Mweupe ukichomoza juu, uzi wa juu umekazwa mno: legezeni nusu namba kwenye kitufe cha kukaza uzi. Mwekundu ukifanya vitanzi chini, tungeni upya kwanza, mguu wa cherehani unaokandamiza kitambaa ukiwa umeinuliwa, la sivyo uzi hauingii kati ya visahani vinavyoukaza. Skrubu ya bobini (kibiringo cha uzi wa chini) tafadhali iwe ya mwisho kuguswa, robo mzunguko tu.

Kisha shoneni vipande vitatu vya inchi 1½ kwa mshono wa robo inchi, mpige pasi. Cha katikati kiwe inchi 1 kamili. Kikipungua na mshono umekunjamana, legezeni tena uzi wa juu; ukiwa umelala vizuri, rekebisheni upana wa mshono, uzi uacheni.