Wanaoleta vifaa vya kusomea vitabu watenge na siku ya kufundisha

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalozihusu maktaba zetu za shule na za jamii. Kwa miaka kadhaa sasa wafadhili na wasamaria wema wamekuwa wakituletea vifaa vya kusomea vitabu vya kielektroniki, vile ambavyo watu wengi huviita Kindle hata vikiwa vya kampuni nyingine. Tunawashukuru kwa dhati. Hata hivyo, mimi ninayejitolea katika maktaba ya jamii wilayani Muheza nimeona mara nyingi mno makabidhiano yakifanyika, picha zikipigwa na hotuba zikitolewa, kisha vifaa vikaishia kufungiwa kabatini kwa kuwa hakuna aliyebaki anayejua kuvitumia. Ombi langu ni kwamba yeyote anayeleta vifaa hivi atenge na siku moja ya kuwafundisha watumiaji, kwa Kiswahili, kila mmoja akiwa amekishika chake mkononi.

Wapo wanaodhani kwamba mwenye simu janja hahitaji kufundishwa, kumbe mazoea ya simu ndiyo yanayopotosha. Walimu wengi wamezoea vishikwambi, vikiwamo vile vilivyotumika katika Sensa ya mwaka 2022 na baadaye wakagawiwa wao, na kishikwambi hukiitikia kidole papo hapo. Kioo cha kifaa cha kusomea hakifanyi hivyo. Ndani yake mna vifuko vidogo visivyoonekana kwa macho, vyenye chembe nyeusi na nyeupe ambazo umeme huzisogeza ili maandishi yajitokeze, na zikishatulia mahali pake hazihitaji umeme tena. Ndiyo maana chaji hudumu kwa wiki kadhaa, na ndiyo maana maandishi husomeka vizuri hata nje, jua likiwa la utosi. Lakini kwa sababu hiyohiyo ukurasa huchelewa kidogo kubadilika, na mara mojamoja kioo kizima huwa cheusi kwa kufumba na kufumbua ili kufuta mabaki ya ukurasa uliopita.

Asiyeelezwa hayo hukata tamaa mapema. Mwalimu mmoja mstaafu, mtu aliyefundisha nusu ya watu wa mtaa wetu, aligusa kioo, akaona kimya, akagusa tena na tena, kurasa kadhaa zikapita kwa mkupuo, kioo kikawa cheusi, naye akakiweka kifaa mezani taratibu na kuniambia, "Mwanangu, hiki nimeshakiharibu." Nikamjibu, "Hapana, Mwalimu, ndivyo kilivyo. Gusa mara moja upande wa kulia, kisha subiri; ukitaka kurudi, gusa upande wa kushoto." Alisoma hadi tulipofunga maktaba.

Kwa maoni yangu, somo la kwanza kabisa, hata kabla ya kufundisha namna ya kutafuta kitabu, liwe kukuza herufi. Katika Kindle za kugusa, ukigusa sehemu ya juu ya kioo hujitokeza mstari wenye alama ya "Aa", na humo msomaji huchagua ukubwa wa herufi na nafasi kati ya mistari. Ni jambo dogo kulieleza, lakini kwa wazee wetu ndilo linaloamua kama watasoma au hawatasoma. Katika maktaba yetu hatuna hata kitabu kimoja cha karatasi chenye herufi kubwa, na si kila mwenye macho yaliyochoka ana uwezo wa kununua miwani.

Hapa niwaombe pia wanaopakia vitabu wasitujazie faili za PDF. Ukurasa wa PDF umepangwa kama ulivyochapwa, kwa hiyo ukiukuza maneno hutoka nje ya kioo na msomaji hulazimika kuusukuma huku na huku kwa kila mstari. Faili za EPUB, aina nyingine ya faili za vitabu, hujipanga upya kila ukubwa wa herufi unapobadilishwa. Anayetumia Kindle ajue kwamba EPUB iliyonakiliwa kwa waya haitaonekana humo. Huna budi kuituma kwa huduma ya Amazon, kampuni inayotengeneza Kindle, ambayo huibadilisha. Vitabu vya bure vipo mtandaoni: Project Gutenberg, mradi ulioanzishwa na Michael Hart mwaka 1971, una makumi ya maelfu, vingi vikiwa vya Kiingereza, na African Storybook ina hadithi za watoto kwa Kiswahili.

Somo la pili ambalo singependa liachwe ni kamusi. Mtoto wetu humaliza shule ya msingi akisoma kwa Kiswahili, kisha anaingia kidato cha kwanza na kukuta karibu kila kitabu ni cha Kiingereza. Akibonyeza neno kwenye kifaa hiki na kushikilia kidole kwa muda mfupi, maana yake hutokea palepale bila kuondoka kwenye ukurasa. Tulivyopokea sisi vina kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza tu, nayo humsaidia mwanafunzi aliyeanza kukomaa kuliko anayeanza. Kamusi ya Kiingereza na Kiswahili ingefaa zaidi, na nawasihi wachapishaji wetu walitazame jambo hilo.

Mengine ni ya dakika chache: picha inayobaki kwenye kioo wakati kifaa kimelala haili chaji, intaneti izimwe isipohitajika, na Kindle ikiganda kitufe cha kuwashia kishikiliwe kwa takriban sekunde 40 kabla ya kumwita fundi.

Wafundishwe angalau watu wawili katika kila maktaba, maana walimu huhamishwa na wanaojitolea hupata kazi kwingine. Pia naiomba Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania itayarishe karatasi moja ya maelekezo kwa Kiswahili, yenye michoro, itakayobandikwa ndani ya mlango wa kabati la vifaa. Sisi tunayo rasimu tunayoitumia na wasomaji wetu, na tuko tayari kuitoa ifanyiwe marekebisho.

Mkutubi wa kujitolea,
Muheza, Tanga