Barua ya Wazi kwa Waziri wa Biashara: Kuponi Ina Mlinzi, Makala Haina

Mheshimiwa Waziri,

Baada ya salamu, naomba nianze na ukurasa uliotobolewa. Miaka michache iliyopita jarida moja lilichapisha makala yangu bila hata kunijulisha kwamba limeikubali. Nilikuta nakala nyumbani kwa jamaa yangu, nikaifungua kwa furaha, na pale palipopaswa kuwa na aya ya mwisho pamoja na jina langu palikuwa na tundu la mraba. Nyuma ya ukurasa ule kulikuwa na kuponi ya droo ya wasomaji. Jamaa yangu aliikata vizuri kwa mkasi, akaijaza, akaituma kwa posta. Simlaumu. Zawadi ilikuwa pikipiki.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikizilinganisha bahasha zetu mbili, maana zote zilikwenda kwenye anwani ileile. Yake ilibeba kipande cha karatasi. Kwa kipande hicho alijua tarehe ya mwisho ya kupokea kuponi, siku ya droo, idadi ya zawadi, na kwamba afisa wa serikali angekuwapo wakati wa kuchota. Majina ya washindi yangetoka katika toleo lijalo. Yangu ilibeba kazi ya wiki tatu: mahojiano, nauli, maneno 1,800 yaliyofutwa na kuandikwa upya. Sikujua kama imefika, nani ataisoma, atajibu lini, atalipa kiasi gani, na akishalipa atakuwa amenunua nini hasa. Miezi saba nilikaa kama mtu aliyepeleka posa asijibiwe.

Kati yetu wawili, Mheshimiwa, ni nani aliyekuwa anacheza bahati nasibu?

Najua kuponi haikupata ulinzi wake kwa hisani. Watu waliumia kwanza. Huko Marekani kampuni ya Publishers Clearing House, iliyokuwa ikiwaandikisha watu kupokea majarida, ilianza kutuma droo zake kwa posta mwaka 1967, na wapo waliojaza nyumba kwa majarida wasiyoyasoma wakiamini kwamba anayenunua ndiye anayeshinda. Mwaka 1999 bunge la nchi hiyo likapitisha sheria: bahasha za namna hiyo ziseme waziwazi kwamba si lazima kununua, na kwamba kununua hakumwongezei mtu nafasi ya kushinda. Hata hivyo mwaka 2023 kampuni hiyohiyo ilikubali kulipa dola milioni 18.5, baada ya tume ya biashara ya Marekani kuituhumu kwa kuwachanganya watu kuhusu jambo lilelile, safari hii kwenye intaneti. Uingereza nako, sheria yao ya michezo ya kubahatisha ya mwaka 2005 imeingia hadi kwenye stempu: gharama ya posta ya kawaida haihesabiwi kuwa kiingilio. Wabunge wazima walikaa wakaijadili stempu! Nami nasema walifanya vyema.

Bahasha ya mwandishi wa kujitegemea imejadiliwa na wachache. Jiji la New York lina sheria iliyoanza kutumika Mei 2017: kazi ya kuanzia dola 800 iwe na mkataba wa maandishi, na kama mkataba hautaji siku ya malipo, aliyeifanya alipwe ndani ya siku 30 tangu aimalize. Mwaka 2024 jimbo zima likafuata. Kwingi kulikobaki tunaishi kwa neno moja, "utalipwa ikichapishwa". Hiyo "ikichapishwa" inaweza kumeza mwaka mzima. Mhariri anaikalia makala, mambo yaliyomo yanapitwa, makala inachacha, ndipo unarudishiwa, tena na mhariri muungwana. Muda wote huo hukuweza kuipeleka kwingine, kwa kuwa adabu ya fani inakataza kuwatumia wawili kwa mpigo.

Sitaki kuwaonea wahariri. Mara nyingi ni mtu mmoja anayesoma rundo lote, kusahihisha, kupanga kurasa na kupokea simu. Miswada mingi inayoingia haifai, na yangu imo. Sikuombi unikinge na kukataliwa. "Hapana" inayofika ndani ya wiki sita ni fadhila.

Kinachonitia hofu zaidi ni haya mashindano ya uandishi, maana humo bahasha mbili zimefunga ndoa. Unalipa ada, unatuma hadithi, na chini kabisa ya vigezo na masharti, kwa herufi za kutafuta kwa miwani, unakuta kwamba kila kazi itakayopokelewa ni mali ya jarida. Kila kazi, hata ya aliyeshindwa. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu marekebisho yake ya mwaka 1908, haki ya mwandishi haitegemei kujisajili popote. Inazaliwa pamoja na kazi. Ndiyo maana wanahitaji uikabidhi, na ndiyo maana mstari huo umeandikwa kwa herufi ndogo. Wanasheria hupima bahati nasibu kwa vitu vitatu: zawadi, bahati na malipo. Sasa shindano linalotoza ada, lisilotaja majaji wala namna ya kuchagua, lina tofauti gani na droo yenye kiingilio? Hilo si la kumsukumia mwenzako wa utamaduni.

Kanuni za kuponi unazo tayari; naomba uziongezee ukurasa mmoja. Jarida linaloalika makala litaje muda wa kujibu, na ukipita, mwandishi awe huru kwenda kwingine. Litaje malipo na siku yake, ikihesabiwa tangu makala ilipokubaliwa, na liseme kama linanunua haki ya kuchapisha mara moja au zaidi. Kwenye mashindano, asiyeshinda abaki na hadithi yake. Na huko kwenye droo kwenyewe kumebaki tundu: kuponi ziteketezwe baada ya kuchotwa. Jamaa yangu hakupata pikipiki, ila matangazo ya mikopo anaandikiwa mpaka leo, kwa jina lake kamili kama alivyolijaza.

Malipo ya makala ile niliyapata, baada ya kwenda ofisini kwao mara nne.

Nakala ya barua hii nimeituma ofisini kwako kwa posta. Ndani yake kuna bahasha nyingine, yenye stempu na anwani yangu, kwa ajili ya jibu. Uniwie radhi, ni mazoea ya kazi.

Wako mtiifu,
Mwandishi wa kujitegemea