Usisimame ukutani, mwanangu

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Nimesoma ujumbe wako: wiki ya tatu wodini, na bado unasimama ukutani na daftari mkononi huku wenzako wakiitwa kusaidia. Unasema hujiamini. Nakujibu kama mama na kama muuguzi. Wanafunzi wengi husubiri wajiamini kwanza ndipo waguse kazi, kumbe kujiamini huja nyuma ya kazi. Mwanasaikolojia Albert Bandura aliliandika hilo mwaka 1977: kinachompa mtu imani kwamba anaweza, kuliko kusifiwa na kuliko kutazama wengine, ni kufanya mwenyewe akafaulu.

Basi anza na vipimo vya asubuhi. Hapo upumuaji ndio unaodharauliwa. Utakuta faili zimeandikwa 20 kwa kila mgonjwa. Wewe mshike mgonjwa kifundo cha mkono kana kwamba bado unahesabu mapigo, maana akijua unahesabu pumzi zake atazibadilisha, kisha tazama kifua kikipanda na kushuka kwa sekunde 60 kamili. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20. Ukipata 32, usiende kusema tu "Sista, yule mama hayuko vizuri." Sema: "Sista, mama wa kitanda cha 8 anapumua mara 32, nimehesabu dakika nzima. Saa 12 asubuhi aliandikiwa 18. Presha yake ni 90 kwa 50. Naomba uje umwone sasa." Hakuna atakayekuuliza wewe ni mwaka wa ngapi.

Kanula, ule mrija mdogo wa plastiki unaoingizwa kwenye mshipa kwa sindano iliyo ndani yake, ndiyo inayokutisha, najua. Usiombe kwa kusema "naweza kujaribu?", kwa sababu sista mwenye wagonjwa arobaini atakujibu "baadaye." Andaa trei kwanza: glavu, mpira wa kufungia mkono, pamba na spiriti, kanula mbili, plasta, bomba lenye maji ya chumvi ya kusafishia, na boksi la vitu vyenye ncha kali liwe karibu na mkono wako. Kisha mwambie: "Trei iko tayari kitanda cha 6, mgonjwa amekubali. Naomba nifanye ukiwa pembeni yangu."

Wageni wengi hukosea sehemu moja. Damu ikionekana kwenye chemba ya nyuma, wanafurahi na kuchomoa sindano papo hapo, wakati ncha ya mrija wa plastiki bado haijaingia kwenye mshipa, kwa kuwa sindano imeutangulia kidogo. Damu ikionekana, laza kanula chini zaidi, isogeze mbele milimita mbili hivi, ndipo uusukume mrija peke yake huku sindano imetulia. Legeza mpira kabla ya kutoa sindano, la sivyo damu itakumwagikia. Wala usiirudishe sindano ndani ya mrija. Inaweza kuukata kipande kikabaki mwilini. Ukikosa mara mbili, mwachie mwenye uzoefu, na ubaki hapo uone alipopapasa.

Kujituma hakumaanishi kufanya peke yako usilowahi kusimamiwa. Ukiambiwa "mchome tu, mimi nakuja" na dawa huijui, jibu: "Sista, hii sijawahi kuitoa, naomba tuisome pamoja." Jibu hilo linahitaji ujasiri kuliko kuchoma.

Utafokewa. Pengine kwa haki, pengine kwa uchovu wa mtu. Chukua kilichosahihishwa, kiandike jioni kwenye kitabu chako cha mazoezi, na kesho omba kukirudia.

Jambo moja, mwanangu, usilione haya hata kidogo. Ukijichoma na sindano iliyotumika, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, na mwambie msimamizi wa zamu dakika ileile. Dawa za kuzuia VVU hufaa zaidi zikianza ndani ya saa chache, na mwisho wake ni saa 72. Wapo wanafunzi wanaoficha wasionekane hawajui kazi, wakija kusema siku ya nne dirisha limeshafungwa. Akikufokea, mwache afoke, wewe endelea kudai fomu na vipimo. Ukikwama, nipigie, hata saa 9 usiku.

Bibi anakusalimu.

Mama yako