Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Homoni za Mwili na Macho Yetu Yanayozeeka

Ndugu wanachama,

Nawashukuru kwa kunivumilia mwaka mwingine. Hesabu atazisoma mweka hazina, na habari za wanachama wapya anazo katibu. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa jambo lililotushughulisha kuliko yote: uhusiano wa homoni zinazoendesha sukari na uzito mwilini na magonjwa ya macho yanayotuandama uzeeni.

Jambo hili lilizuka kwenye kikao chetu cha pili. Mwenzetu mmoja, aliyeishi na kisukari miaka mingi, alisimama akaeleza kwamba ameanzishiwa sindano ya kila wiki ya kushusha sukari na uzito. Sukari imeshuka vizuri, lakini herufi za gazeti zimeanza kumkimbia. Aliyemwandikia dawa hakumuuliza habari ya macho. Anayemtibu macho hakujua kuwa kuna dawa mpya. Ukumbi ulinyamaza kimya, maana wengi wetu tulijiona pale aliposimama.

Kamati ikaamua kusoma na kuuliza wataalamu. Kwanza tulijifunza kwamba retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, ni mlaji mkubwa wa nishati, na seli zake za kupokea mwanga hutumia nishati nyingi zaidi gizani kuliko kwenye mwanga. Kwa hiyo chochote kinachovuruga sukari na insulini huifikia upesi. Sukari ikizidi kwa miaka, kuta za vimishipa vyake hulegea na kuvuja, vingine huziba. Retina ikikosa oksijeni hutoa kemikali ya kuotesha mishipa mipya, nayo huwa dhaifu na hupasuka.

Kwamba homoni zina mkono katika hili si habari ya jana. Mwaka 1953 daktari wa Denmark, Poulsen, aliandika kuhusu mama mwenye kisukari ambaye tezi yake ya pituitari, ile ndogo iliyo chini ya ubongo na kutoa homoni, ilikufa baada ya kujifungua, na baadaye macho yake yakapata nafuu. Kutokana na kisa hicho, madaktari wakaanza kuondoa au kuharibu tezi hiyo kwa makusudi ili kuokoa macho. Wapo walionusurika upofu, lakini waliishi wakitegemea dawa za kufidia homoni maisha yao yote. Nilipoisoma habari hiyo nilikaa muda mrefu bila kugeuza ukurasa. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulionyesha kuwa leza hupunguza upotevu mkubwa wa kuona kwa nusu au zaidi, na upasuaji ule ukaachwa.

Nirudi kwenye sindano ya mwenzetu. Katika utafiti wa semaglutidi, dawa ya sindano za aina hiyo inayoiga homoni ya utumbo, uliochapishwa mwaka 2016, matatizo ya retina yaliwapata asilimia 3.0 ya waliotumia dawa, dhidi ya 1.8 ya wasioitumia, na wengi wao tayari walikuwa na ugonjwa wa retina. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kasi ya kushuka kwa sukari. Jambo kama hilo lilishaonekana kwa insulini: katika utafiti uliotangazwa mwaka 1993, waliobana sukari sana, baadhi yao macho yalizidi kuharibika mwanzoni, lakini baada ya miaka hatari ya kuanza kupata ugonjwa wa retina ilipungua kwa asilimia 76. Mwezi Juni 2025 mamlaka ya dawa ya Ulaya nayo ilisema semaglutidi inaweza, kwa nadra sana, hadi mtu 1 kati ya 10,000, kuathiri mshipa wa fahamu wa jicho.

Naomba nieleweke. Simwambii mtu aache dawa. Sukari isiyodhibitiwa hupofusha watu wengi zaidi. Ninachosema ni kwamba retina ipimwe kwa kupanuliwa mboni kabla ya kuanza, na irudiwe mapema baada ya hapo.

Kwa sisi wenye kuchakaa kwa makula, yaani sehemu ya katikati ya retina, habari ni chache zaidi. Metformini, dawa ya kisukari, ilitupa matumaini, kwa kuwa watumiaji wake walionekana kuugua ugonjwa huu kwa uchache. Ilipojaribiwa rasmi kwa wenye aina kavu iliyokomaa, haikupunguza kasi ya ugonjwa. Iliniuma, nakiri. Asubuhi moja nilifunika jicho la kulia nikatazama fremu ya mlango: ilikuwa imepinda katikati kama mshumaa uliokaa juani. Siku hiyohiyo nilikwenda kliniki, na sindano za jichoni zimelinda kilichobaki.

Mwaka huu tulitengeneza kadi ya mwanachama: upande mmoja daktari wa sukari anaandika dawa na kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu, upande wa pili daktari wa macho anaandika hali ya retina. Kadi zilizorudi zimejazwa upande mmoja tu ni nyingi kuliko nilivyotarajia. Kamati ijayo ilianzie hapo, na mimi nimejitolea kumsindikiza yeyote anayeona haya kumkabidhi daktari kadi hiyo.

Karatasi za miraba za kupimia macho nyumbani, zenye mistari minene, ziko mezani kwa katibu. Chukueni na za jirani.