Stendi yako ya kutarizia

Shoga yangu,

Salamu nyingi sana. Sisi huku wazima, sijui nyie. Nakuandikia kuhusu ile stendi ya kushikilia fremu yako, ile inayotandaza kitambaa unapotarizi: mbao ninazo, zimekauka vizuri, ila msumeno sishiki mpaka unitumie vipimo.

Usinicheke. Stendi hupimwa mwilini kama gauni. Kaa kwenye kiti chako cha kutarizia, nyayo chini, mabega yamelegea, mtu akupime kutoka sakafuni hadi juu ya paja, kisha hadi kwenye kiwiko. Fremu itakaa katikati ya hapo, na mkono upite chini yake bila kusugua goti. Raha ya stendi si ndiyo hiyo? Mkono mmoja juu unachoma sindano, wa pili chini unaipokea na kuirudisha, wala hakuna kidole cha kufa ganzi kwa kushikilia fremu.

Nimechora nguzo moja, isimame kushotoni kwako. Kilichonisumbua ni kitako. Fremu inaning'inia upande mmoja, juu ya mapaja, kwa hiyo mguu wa chini lazima uelekee huko huko na uvuke katikati ya fremu. Mguu huo ukiwa mfupi, ukiegemeza mkono tu stendi nzima inakulalia. Nguzo itaingia kitakoni kwa ulimi na tundu, pamoja na gundi. Misumari sitaki, kila unapochoma sindano stendi inatikisika kidogo, na msumari mwishowe hulegea.

Ya kupandisha na kushusha ni bolti ya milimita 8 na nati ya masikio, uikaze kwa vidole. Taya za kubana fremu nitazivika ngozi laini, zisiiachie alama wala isiteleze.

Nikishapiga msasa nitaifuta kwa kitambaa kibichi, vinyweleo vya mbao visimame, kisha nipige tena msasa laini. Halafu napitisha soksi nyembamba kila kona. Ikinasa, hata uzi wako wa hariri utanasa. Juu yake vanishi ya maji. Mafuta ya kitani yanapendeza, lakini huchelewa kukauka na yangekuchafulia kitambaa cheupe. Tena matambara yake yakirundikwa huweza kujiwasha moto yenyewe!

Niambie pia: unatumia fremu ya duara, au ile ndefu ya mstatili? Kama ni ya mstatili nguzo moja haitoshi, itabidi nichore upya.

Wako,
fundi wako